Kutoka Banio hadi Karakana: Historia ya Mwanafunzi wa Uhandisi Chini ya Mlima Meru

Kaskazini mwa jiji la Arusha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika wilaya ya Monduli, yapo magofu ya Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, jamii ya wakulima ilijenga hapo vijiji saba vya mawe na kumwagilia mashamba yanayokadiriwa kufikia hekta 2,000. Mvua ya pale ni haba, haiwezi kulisha watu wengi kiasi hicho. Maji yaliteremshwa kutoka kwenye vijito vya mlimani kwa mifereji iliyokingwa kwa mawe, yakagawiwa vitalu vilivyosawazishwa ngazi kwa ngazi. Mfereji wa namna hiyo haumsamehe asiyejua kazi. Ukiupa mwinamo mkali, maji yanakula udongo na kubomoa kingo; ukiulaza mno, maji yanatuama, tope linajaa, na shamba la mwisho linakauka. Anayetaka kuandika historia ya elimu ya uhandisi katika nchi ya Meru hana budi kuanzia hapo, miaka mia kadhaa kabla ya cheti cha kwanza, kwa sababu swali linalowasumbua wakufunzi wa Arusha leo ni la zamani kuliko vyuo vyao: ni nini kinachomfanya kijana aingie katika kazi hii kwa akili na moyo wake wote, na ni nini kinachomfanya akae darasani mwili mtupu?

Engaruka ilipohamwa, utaalamu wa maji haukupotea katika eneo hili. Wameru walikuwa wamekwisha kukaa kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya mlima, na katika miaka ya 1830 Waarusha wakajenga makazi upande wa kusini-magharibi. Wote walilima migomba, mahindi na maharage kwa mifereji iliyotoka kwenye mito ya mlimani. Kijana alifundishwa mfereji ndani ya mfereji. Alikwenda na wazee kwenye banio, akaona jiwe linavyowekwa ili maji yageuke bila kubomoa ukingo, akashika jembe pamoja na rika lake siku ya kuzibua. Aliyekosa siku ya kazi alitozwa faini, na zamu yake ya maji ikawa mashakani. Hapakuwa na haja ya kumbembeleza mtu ashiriki. Kosa lilionekana siku ileile, na mtahini alikuwa jirani wa chini ambaye shamba lake lilikuwa likingoja maji.

Chuma kilikuwa na njia yake. Miongoni mwa Wamaasai na watu wengine wa lugha ya Maa, wahunzi walikuwa koo za peke yao, wakiogopwa na kudharauliwa kwa wakati mmoja, wala hawakuoana na wengine. Mtoto wa mhunzi alianza kwa kuvuta mivukuto, akazoea rangi ya chuma kinapofikia moto wake, na baada ya miaka ndipo akakabidhiwa nyundo. Uanagenzi wa aina hiyo ulizama ndani kuliko mafunzo mengi yaliyofuata, lakini mlango wake ulifunguliwa kwa nasaba tu. Mkuki ulisifiwa, na mikono iliyoufua ikaepukwa. Hali hiyo ya kuthamini kifaa na kumdharau anayekitengeneza itaonekana tena na tena katika historia hii, ikivaa nguo mpya kila zama.

Zama za Wajerumani ziliingia kwa damu. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru, na jeshi la wakoloni likalipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kuswaga mifugo. Kisha ukaja ujenzi. Boma la Arusha, lililokamilika mwaka 1900 na ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa kwa kazi ya shuruti ya wenyeji walioshindwa vitani. Naliona tukio hilo kuwa zito katika historia ya elimu, ingawa halikuwa shule. Kwa mara ya kwanza watu wa mlima huu walijenga kitu kikubwa ambacho mchoro wake hawakuonyeshwa, kipimo chake hawakukichagua, na matumizi yake yalikuwa dhidi yao. Mikono ilitengwa na akili kwa amri ya serikali. Wamisionari wa Leipzig waliofungua vituo vya Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904 walileta kitabu, na pamoja nacho useremala na uashi kidogo. Ilikuwa mbegu, lakini ufundi huo ulihudumia kanisa na nyumba ya misheni kabla ya kumhudumia aliyeusoma.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliupokea mji mdogo wa walowezi na kuupanua. Reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi tangu mwaka 1911 ilisogezwa hadi Arusha mwaka 1929. Reli ilileta mitambo, na mitambo ikaleta mpangilio wa watu: mhandisi alikuwa Mzungu, fundi alikuwa Mwasia, mara nyingi Kalasinga, na Mwafrika alikuwa kibarua. Kati ya fundi na kibarua alisimama kijana aliyeitwa spana boi. Kazi yake ilikuwa kupeleka kifaa kabla hakijaombwa mara mbili. Hakuna aliyemfundisha kwa makusudi, ila kwa kujua ni spana ya namba gani ingetakiwa, alilazimika kufuatilia kila hatua ya kazi ya bwana wake. Wengi walitoka hapo wakiwa mafundi kamili wa magari na pampu za mashamba ya kahawa. Walijifunza kwa macho, bila kuelezwa sababu ya jambo lolote, na hapo ndipo ulipokuwa ukomo wao: waliweza kurekebisha kilichobuniwa na wengine.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na falsafa yake ya elimu. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata London ikatoa sera iliyotaka elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake ya kijijini: kilimo, usafi, kazi za mikono. Kwa maneno, sera hiyo ilifanana na mambo mengi tunayoyadai leo. Kwa wazazi wa Meru na Arusha ilikuwa na maana nyingine. Jembe walikuwa nalo nyumbani. Walichokitafuta shuleni ni kile kilichomwezesha Mzungu kusoma hati za ardhi. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Kesi hiyo haikurudisha ardhi papo hapo, lakini ilithibitisha kwa kizazi kizima kwamba karatasi na Kiingereza vina nguvu kuliko panga. Tangu hapo heshima ilihamia kwenye kalamu. Wanafunzi wa uhandisi wa leo wanaopenda cheo cha ofisini kuliko karakana hulaumiwa kwa uvivu; mimi naona wamerithi hukumu ambayo babu zao waliifikia kwa ushahidi.

Shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilianzishwa katika miaka ya 1950, na Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam mwaka 1957. Masomo ya juu ya uhandisi kwa Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi, kwenye Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Mavuno yalikuwa machache mno. Mwalimu Nyerere alipata kueleza kwamba Tanganyika ilijitawala mwaka 1961 ikiwa na wahandisi wawili tu na madaktari 12.

Februari 5, 1967 Arusha ilitoa jina lake kwa Azimio, na mwezi uliofuata Nyerere akachapisha Elimu ya Kujitegemea. Shule ilitakiwa iwe na shamba na karakana, mtoto asome kwa kutenda, na elimu isimng'oe kijana kwenye jamii yake. Ilikuwa hoja nzito, na ilimlenga adui wa kweli: ile dharau ya kazi ya mikono iliyokuwa imeongezwa nguvu na ukoloni. Utekelezaji wake ulikwenda njia mbili. Katika shule nyingi, kujitegemea kuligeuka kuwa kulima shamba la shule au la mwalimu, kazi isiyo na swali la kufikiria ndani yake, na kwa baadhi ya wanafunzi ikawa adhabu. Katika elimu ya juu matokeo yalikuwa bora. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo ya viwandani ya wiki 8 kila baada ya mwaka wa masomo yaliwekwa kama sehemu ya shahada yenyewe. Azimio la Musoma la 1974 nalo likataka anayeingia chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza. Sharti hilo lililalamikiwa, na baadaye likalegezwa, lakini lilileta madarasani watu waliokwisha kuona mashine ikiharibika. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imeelekea upande mwingine. Ripoti ya Grinter ya 1955 iliongeza hesabu na sayansi katika shahada za uhandisi huku saa za karakana zikipunguzwa, na nchi nyingi zikafuata mkondo huo. Dar es Salaam ilishika vyote viwili, nadharia na kiwanda, na hilo halikuwa jambo dogo kwa taifa changa.

Mwaka 1978 zamu ilifika Arusha. Serikali, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ilifungua chuo cha ufundi ambacho leo ni Chuo cha Ufundi Arusha, maarufu kama ATC. Lengo lake lilikuwa kuzalisha mafundi sanifu, yaani wale wanaosimama kati ya fundi mchundo na mhandisi: wanaosoma mchoro, wanaopima, wanaosimamia kazi na kuijibia. Cheti chake, FTC, kilijijengea heshima nchi nzima. Hadi leo, katika ofisi za barabara, maji na umeme, mtu akisema mzee fulani ni FTC wa Arusha, hahitaji kuongeza sifa.

Heshima hiyo ilitokana na namna kazi ilivyofundishwa. Katika desturi ya mafunzo ya Kijerumani, mwanagenzi wa mitambo huanza kwa tupa. Anafungiwa kipande cha chuma kwenye jiriwa, anaambiwa akifanye bapa na chenye pembe mraba, kwa mkono. Anapiga tupa mpaka viganja vinaota malengelenge. Kisha anaweka kipimapembe juu ya uso wa chuma na kukiinua kuelekea dirishani: mwanga ukipenya chini ya kipimo, kazi haijaisha. Hakuna mabishano na mkufunzi, kwa kuwa mwanga ndio unaosahihisha. Zoezi hilo linaonekana la kizamani, na watu wazima wamelicheka. Lakini linafanya jambo ambalo mihadhara haiwezi kulifanya. Linamfundisha kijana kwamba milimita moja ni nyingi, kwamba chuma hakijali alama zake za mtihani wa kidato cha nne, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuliona kosa lake kabla ya kuambiwa. Mwanafunzi aliyepita hapo akifika kwenye hesabu za uvumilivu wa vipimo anazisikiliza kwa makini, maana tayari zimemuumiza mikono.

Jambo la pili lilikuwa mji wenyewe. Arusha ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilikuwa mji wa viwanda. General Tyre ilifyatua matairi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kiltex ilifuma nguo, na Tanelec ikaanzishwa mwaka 1981 kutengeneza transfoma. TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo, lilianzishwa kwa sheria ya 1980 na kuanza kazi mwaka 1982. Mwanafunzi aliyemaliza muhula hakulazimika kupanda basi kwenda mbali kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Alivuka mji tu. Alikutana na mafundi waliokuwa na haja na mikono yake, na aliporudi darasani alirudi na maswali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya kizazi kile. Ubora wa walimu na vifaa vya msaada ulikuwa na mchango mkubwa, lakini kilichowatia wanafunzi juhudi ni kwamba waliiona ajira na aibu ya kushindwa kazi kwa macho, ng'ambo ya barabara.

Mashariki ya mji, Tengeru, kulikuwa na kazi nyingine ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Tangu enzi za ukoloni palikuwa na kituo cha kujaribu zana za kilimo, TAMTU, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaongezeka mradi wa teknolojia rahisi wa Arusha. Mwaka 1981 viwili hivyo viliunganishwa kisheria na kuzaa CAMARTEC. Kwa kushirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ, wataalamu na waashi wa Arusha walikabili tatizo la mitambo ya gesi ya samadi. Mitambo ya awali yenye kuba la matofali ilipasuka, na ufa mdogo tu katika kuba huvujisha gesi yote. Ufumbuzi uliopatikana unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa ujenzi. Badala ya kujaribu kuzuia ufa usitokee mahali popote, wabunifu waliuamulia mahali pa kutokea. Chini ya kuba waliweka mzunguko dhaifu wa makusudi, na juu yake mzunguko imara unaolikamata kuba lote. Udongo ukisukuma na ukuta ukijinyoosha, ufa unaanza kwenye ule mzunguko dhaifu na kuishia hapo, mahali ambapo pana samadi na si gesi. Kuba linabaki zima. Muundo huo unaitwa kwa jina la CAMARTEC katika vitabu vya fani ya gesi ya samadi duniani, na umeigwa nchi nyingi.

Nimekaa sana juu ya ufa huo kwa sababu. Ulipatikana umbali mfupi kutoka vyuo vya Arusha, kwa matofali ya kawaida, kwa ajili ya wafugaji wa ng'ombe wa ndani wa Meru na Arumeru. Una hesabu ya nguvu za mkazo, una elimu ya udongo, una kemia ya uchachushaji, na una mwashi aliyejenga kuba bila fomu ya mbao ndani yake. Somo zima la muhula mmoja limo humo. Hata hivyo wanafunzi wengi wa uhandisi nchini husoma mifano ya madaraja ya ng'ambo wasiyoyatarajia kuyaona, huku kuba la aina hiyo likiwa limefukiwa nyuma ya zizi la mjomba wao.

Kisha mambo yakaharibika. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei za mazao viliinyima nchi fedha za kigeni. Viwanda vilikosa vipuri, kisha malighafi. Makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifungua soko na kubana matumizi ya serikali, na katika miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama za elimu. Kiltex ilisimama. General Tyre ilijikokota na kuzima mwishoni mwa miaka ya 2000. Chuoni, mashine za kukereza zilizokuja na msaada zilizeeka bila warithi. Mkufunzi aliyekuwa na mashine moja nzima kwa kundi kubwa alifanya alichoweza: alionyesha, wakatazama. Tukilinganisha na zama zilizotangulia, tunaona mwanafunzi amerudi kuwa spana boi, tena pungufu yake, kwa sababu spana boi alau alikuwa na gari linalongoja kuondoka.

Mabadiliko ya kisheria yalifuata. Sheria ya 1997 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, na FTC ikapisha ngazi mpya za tuzo zinazopima umahiri. Mwaka 2007 chuo cha Arusha kikapata mamlaka yake kikiwa ATC, na baadaye kikaanza kutoa hata shahada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa upande wake, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa uanagenzi wa miaka 3 kwa wahitimu wa shahada. Ni mpango mzuri, na ni ushahidi pia. Taifa lilikuwa limekiri kwamba kijana anaweza kumaliza miaka 4 ya uhandisi na bado akahitaji kuanzishwa kazi.

Katika vyuo vya nchi hii kwa ujumla, miaka ya 2000 ilileta idadi. Shule za sekondari za kata zilimwaga wahitimu, mikopo ya elimu ya juu ikaanza kutolewa na bodi maalumu mwaka 2005, na kumbi zikajaa. Hapo ndipo lilipokomaa desa, yaani kile kirobota cha fotokopi kinachopita kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, chenye maswali ya mitihani iliyopita na majibu yake. Mwanafunzi anayeogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, hulisoma desa, hulikariri, hufaulu. Pale mtihani unapopima kumbukumbu na nafasi ya karakana ni ya kugombea, kukariri ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na lawama zote tukimbebesha yeye tunakosea mlango. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wao huita fild, yaligeuka kwa wengi kuwa safari ya kutafuta muhuri: barua kumi za maombi, jibu moja, na wiki kadhaa za kukaa kwenye kiti cha mapokezi cha ofisi ambayo haina kazi ya kumpa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya shule za msingi za serikali, na kuanzia kidato cha kwanza mwanafunzi huvushwa ghafla kwenda Kiingereza. Matokeo yake huonekana vizuri zaidi katika uhandisi. Ndani ya ukumbi, swali la mhadhiri hukutana na kimya, na macho huinama kwenye daftari. Nenda na kundi hilohilo kwenye jaribio la zege. Wanalijaza kwenye koni ya chuma kwa matabaka matatu, wanalishindilia kwa fimbo mara 25 kila tabaka, wanaiinua koni taratibu, zege linashuka. Hapo utasikia mabishano: maji yamezidi, mchanga ulikuwa mbichi, wewe uliinua koni kwa pembeni, hebu tulirudie. Kwa Kiswahili kitupu, kila mmoja ana hoja na ushahidi uko sakafuni. Wanafunzi wale hawajabadilika kati ya saa 4 na saa 6. Wamepewa kitu cha kubishania na lugha ya kubishana nayo.

Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua rasmi Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyokwisha kupokea wanafunzi mwaka uliotangulia. Ilijengwa Tengeru, katika ardhi iliyokuwa ya CAMARTEC, na hufundisha uzamili na uzamivu peke yake. Hapo tatizo kongwe la mlima lilipata wanafunzi wa kulishughulikia. Meru ni volkano, na miamba yake hutia floraidi nyingi katika maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo upande wa Engare Nanyuki vinavyopita 10. Kwa miongo mingi Tanzania iliruhusu hadi 8 vijijini, kwa kuwa kufunga vyanzo vyote vilivyozidi kungewaacha watu bila maji. Dalili yake iko usoni pa wenyeji: meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni, na kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda. Kituo cha serikali cha Ngurdoto kilikuwa kimejaribu kwa miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofanya kazi ingawa si kila kaya huikubali. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji aliyekulia Usa River hahitaji utangulizi wa somo hili. Ameuona kwenye kioo.

Mwaka 2015 mhadhiri wa taasisi hiyo, Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi katika mwaka wake wa kwanza, pauni 25,000, kutoka Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga na nanoteknolojia, na huweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Habari ya tuzo ilienea sana. Lililonivutia zaidi ni mpangilio wa kazi: tatizo la kijijini kwake, elimu ya juu ya kemia, na mchanga unaopatikana karibu, vyote mezani pamoja.

Nje ya vyuo, mkondo wa spana boi ulikuwa unaendelea pia na kupata hadhi mpya. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alibuni vifaa vinavyoendeshwa kwa pedali, kikiwamo cha kuchaji simu, akashiriki makongamano ya ubunifu yaliyoandaliwa na wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani, na kusaidia kuanzisha Twende, karakana ya ubunifu mjini Arusha ambako wanafunzi wa sekondari na wananchi wa kawaida hushika misumeno na mashine za kuchomelea kutengeneza suluhisho la shida zao. Mojawapo ya makongamano hayo lilifanyika Arusha mwaka 2014. Fundi baiskeli akawa mwalimu wa watu wenye shahada. Katika nchi ambako mhunzi aliepukwa, hilo ni badiliko la kihistoria.

Sasa tumefika tulipo. ATC ina kampasi ya Kikuletwa wilayani Hai, kwenye kituo cha zamani cha umeme wa maji, ambako kwa fedha za mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia panajengwa umahiri wa nishati jadidifu: mwanafunzi anasoma turbini mahali ambapo mto wenyewe unapita. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wameanza kufikiriwa mikopo ya serikali. Olmoti, pembezoni mwa jiji, unajengwa uwanja wa mpira kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, wenye nondo na zege la kutosha kufundishia kizazi kizima, kama mkandarasi atapewa sharti la kufungua lango kwa wanafunzi na mtu wa kuwajibu maswali yao.

Jaribio kubwa zaidi liko kwenye mtaala ulioanza Januari 2024, unaoigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Vijana wa amali walioingia kidato cha kwanza mwaka huo watamaliza kidato cha nne mwishoni mwa 2027, na mwaka unaofuata watabisha hodi ATC na kwingineko wakiwa na miaka minne ya karakana nyuma yao, endapo karakana hizo zitakuwa zimepata mashine, vyuma vya kutumia na walimu wanaojua kupiga tupa. Wakikuta chuoni mhadhara walioupita tayari kwa mikono, wataulala. Wakikutana na banio linalovuja, na muhula mzima wa kutafuta kwa nini, itabidi wakufunzi waombe umeme uachwe karakanani hadi usiku.